Dawa ya Mama Mkwe Niliyoionja

Kabambare, nyuma ya soko
Tarehe 14 Machi 2024

Mpendwa dada yangu Anastasie,

Pokea kwanza salamu, maana nikianza na habari yenyewe utasema adabu niliiacha Kasongo siku niliyoolewa. Hamjambo huko Lubumbashi? Mgongo wa shemeji Roger umepoa? Binti yenu Elodie ameanza kujifunza ushonaji, au bado anakuzungusha na maneno? Sisi huku tunapumua. Fidèle mume wangu ni mzima, kila wiki yuko njiani kwenda Wamaza na pikipiki yake kununua mpunga. Baba yetu nilipata habari zake kwa mtu aliyetoka Kasongo: magoti yanamsumbua, lakini ulimi haujambo, bado anagombana na majirani wote.

Naandika kwa karatasi kwa sababu kwa simu siwezi. Pale kilimani tunapopanda kutafuta mtandao, ukisema neno moja, mtaa mzima unalijua kabla hujateremka. Na jambo hili sitaki lijulikane na mtaa. Barua utaipata kwa mkono wa Raphaël, yule mfanyabiashara wa vitenge. Nimemwambia ni habari za shamba.

Dada, nina mimba. Usipige vigelegele, tafadhali. Soma kwanza mpaka mwisho.

Mwezi wa nne ndio unaanza. Sikumwambia mtu. Unajua sababu. Ile ya kwanza tuliitangaza mapema, mkwe wangu Mama Fidèle akachinja kuku, akina mama wa kanisa wakaleta vitambaa, na kabla vile vitambaa havijafuliwa mimba ikatoka. Safari hii niliapa kufunga mdomo mpaka tumbo liseme lenyewe. Hata Fidèle nilimwambia juzijuzi tu, naye nikamkataza asimwambie mama yake.

Sasa nakuja kwenye habari yenyewe, na kama mwandiko umepinda usinicheke.

Wewe ndiye uliyempokea mama mkwe wangu huko, alipofika na tumbo limevimba upande wa kushoto, huku watu wote hapa wakisema ni bandama ya malaria. Ni wewe uliyempeleka hospitali wakakuta ni kansa ya damu. Tangu hapo unatutumia zile dawa, imatinib, kidonge kimoja kila siku katikati ya chakula na glasi kubwa ya maji. Zimemrudishia uhai, dada. Bandama imeshuka, homa zimekwisha, anakwenda shambani kwa miguu yake na kunituma kana kwamba nimeajiriwa. Mama mkwe ndiye aliyenisimulia kwamba daktari aliwauliza kama nyumbani kuna mwenye mimba, nawe ukajibu hakuna. Siku zile ilikuwa kweli, kwa hiyo usije ukaanza kujilaumu. Wa kulaumiwa hayupo, na hilo ndilo linaloniudhi, maana ningemtukana nikapata nafuu.

Kidonge kile kinamkwama kooni. Alipokuwa kwako labda alikuonea haya akameza kwa nguvu, lakini hapa alikitema mara ya kwanza, mara ya pili akapaliwa mpaka machozi. Nikasema, si tatizo, nitakitwanga kama tunavyowatwangia watoto na wazee. Nikachukua kile kinu kidogo cha pilipili, nikakisafisha, kila asubuhi nikawa natwanga na kuchanganya na uji wake wa mahindi na sukari. Hakuna aliyeniambia kuna ubaya. Mama alimeza uji, akapona, tukashangilia.

Na unakumbuka tulivyolelewa. Unampa mkubwa kinywaji au chakula, unaonja kwanza mbele ya macho yake, ajue hakuna sumu. Baba alitupiga kwa jambo hilo. Basi mimi, binti niliyelelewa vizuri, kila asubuhi nilichota kijiko cha uji wa Mama, nikaonja, ndipo nikampa kwa mikono miwili. Mama hakuwahi kunidai adabu hiyo. Niliifanya kwa kumheshimu, na yeye alijivuna nayo kwa wenzake.

Umeelewa sasa? Tangu mimba ilipoingia mpaka wiki iliyopita, nilikuwa nikila dawa ya kansa.

Niligundua hivi. Naomie, muuguzi wa kituo cha afya, alikuja kumtoa Mama damu ya kupima. Akanikuta nikitwanga. Akasimama mlangoni, akauliza, "Nani anatwangaka hii dawa?" Nikamjibu ni mimi. "Na huu uji, unaonjaka?" Nikamwambia, "Naonjaka, si ni adabu?" Akafunga mlango wa jiko nyuma yake, akashusha sauti. "Deborah, ambia mimi ukweli. Uko na mimba?"

Nililia tu, naye akapata jibu lake.

Akaninyang'anya mchi. "Acha leo hii. Usiiguse tena, hata vumbi yake. Hii haiko dawa ya malaria. Mutoto mwenye angali anajengwa mu tumbo, inaweza kumuharibu." Nikamuuliza, itamharibu au inaweza? Kijiko kimoja si kidogo? Naomie ni mtu mkweli, na siku hiyo nilitamani awe mwongo. Akasema, "Pengine mutoto ni muzima kabisa. Mimi sijue. Daktari mwenye anaitoa ndiye anajua."

Tangu hapo, dada, sina usingizi wala hamu ya kazi. Kile kichefuchefu nilichokuwa nakifurahia kimyakimya, nikisema ndiyo mimba inashika, sasa sijui kama kilikuwa cha mimba au cha dawa. Nikiuma ulimi nahisi uchungu wa ule unga. Nikimwona mtoto wa jirani aliyezaliwa na mguu uliopinda, nageuza njia, na baadaye naona aibu, maana mtoto mwenyewe ni mzuri na ananipenda. Nimeogopa vita maishani mwangu, nimeogopa njaa. Hivyo vilikuwa nje, mtu angekimbia. Hiki ninacho ndani, nitakikimbia niende wapi?

Fidèle akasema lazima tumwambie mama yake, ili ajue kwa nini sitwangi tena. Nilimsihi asifanye hivyo. Namjua Mama. Lakini nyumba yetu ni ndogo na macho yangu yalikuwa yamevimba, akauliza mwenyewe, na Fidèle hajui kudanganya, akasema yote.

Mama alinishika tumbo kwa kiganja, akatabasamu, nikaona meno yake yote. Kisha ile furaha ikamwondoka usoni. Akaingia chumbani, akatoka na lile kopo la dawa ulilomtumia, akamsukumia mwanawe. "Mimi minywe dawa yenye itaua mujukuu wangu? Mu nyumba yangu? Fidèle, kamata hii kopo, utupe mu mutoni. Mimi nilishaishi ya kutosha."

Ndicho nilichokuwa nakiogopa. Fidèle hakulitupa, alilificha, lakini Mama kumeza hakumeza. Kesho yake vilevile. Tulimweleza kwamba ubaya ni mimi kuitwanga na kuionja, si yeye kuinywa. Anasema dawa mbaya ni mbaya, hata iingie kwa mlango gani. Naomie alirudi akamwambia kwamba akiacha, ugonjwa utarudi, na bandama itavimba tena. Akamjibu kwamba na ivimbe. Sasa nina hofu mbili, na kila nikiishika moja, nyingine inaniuma. Nitampoteza mtoto, au nitampoteza Mama kwa ajili ya mtoto ambaye labda hana tatizo lolote.

Hapo niliachia jana mchana. Leo ni tarehe 15, naendelea, maana jana jioni kuna jambo limetokea.

Niliona maneno yamekwisha, nikatumia ukaidi, ambao unajua Mungu alinipa wa kutosha. Fidèle aliweka chakula, ugali na sombe ya majani ya muhogo na samaki wa kutoka Nyangwe. Mimi nikakunja mikono. Mama akasema, "Kula, Deborah." Nikasema, "Kunywa kwanza, Mama." Akasema, "Mutoto iko na njaa." Nikamjibu, "Na bibi yake iko mugonjwa." Akanifokea, akaniita mtoto asiye na adabu, akasema nitaua mjukuu kwa njaa pale ambapo dawa imeshindwa. Nikazidi kukunja mikono. Tumbo langu likanguruma kwa sauti mpaka Fidèle akacheka peke yake kama mwehu, na Mama akaanza kulia. Sijawahi kumwona akilia, hata siku zile za maumivu.

Akasema, "Leta."

Naomie alishatuonyesha njia nyingine. Si kutwanga. Kidonge kinawekwa kizima ndani ya glasi kubwa ya maji, kinakorogwa kwa kijiko mpaka kiyeyuke, kinanywewa palepale pamoja na chakula. Glasi ni yake na kijiko ni chake, vinaoshwa peke yake, na mimi nakaa mbali. Fidèle akakoroga. Na unajua mazoea, akainua glasi kwenye midomo yake ili aonje kabla ya kumpa mama yake. Mama akamrukia. "Toa mudomo yako! Hii ni yangu peke yangu!" Akainyakua kwa mikono miwili, akanywa mpaka chini bila mtu yeyote kumwonjea. Kisha akanisogezea sahani, akakaa kunihesabia matonge kama askari.

Kwa hiyo kwa Mama nimepumua kidogo. Naomba umwambie daktari kwamba kuna siku alizoruka. Naomie amesema asimeze viwili kufidia, aendelee na kimoja kama kawaida, lakini nataka kulisikia kwa mwenye dawa.

Kwa upande wangu, muulize yote bila kuona haya. Mwambie nilikuwa naonja kijiko kila asubuhi, na unga nilikuwa naushika kwa vidole. Muulize kama kiasi hicho kinafika kwa mtoto. Muulize kama picha ya tumbo inaweza kuonyesha kitu, na nipigwe lini. Fidèle atanipeleka Kasongo mvua ikipungua, maana sasa barabara imeliwa na mito, na pikipiki ikianguka nami nitakuwa nimetafuta kifo cha tatu. Akikujibu vibaya, nipe jibu lote vilevile. Usinitengenezee maneno mazuri, nitajua. Ukiwa unadanganya unaandika kwa herufi kubwa.

Nisalimie shemeji Roger, mwambie asinyanyue mifuko. Msalimie Elodie, na mwanao Dady umpe busu, hata kama anasema amekua. Mama Fidèle anakusalimu sana, anasema wewe ndiye binti yake wa Lubumbashi, mimi ni askari wake. Mungu awafunike ninyi nyote, asiwaondolee mkono wake.

Na dada, nina ombi moja la mwisho. Kama mimba itakaa, nitajifungua mwezi wa tisa. Najua safari ni ndefu na treni haina neno la kuaminika, lakini uje. Wakimtoa mtoto, mimi nitafumba macho. Nataka wewe ndiye umpokee. Umfungue kitambaa, umtazame vidole, miguu, mdomo, mgongo wote. Na kabla hujaniambia kama ni wa kiume au wa kike, uniambie kama nifumbue macho.

Wako akupendaye, mdogo wako,
Deborah