Dikoda Yenye Sauti

Jumatatu, 2 Mei

Dikoda ya injini ya treni yetu ndogo ya bustani, ile ya baba mkwe, imeungua. Ilikuwa inapanda tuta la waridi na mabehewa sita — ikasimama, harufu ya plastiki bustani nzima. Bila hicho kibao tumboni, rimoti haiiamuru kitu. Mume wangu Eckart aliilaza chini ya taa, kisha akanisukumia bisibisi. "Fungua wewe, Reni. Vidole vimekufa ganzi." Vidole! Skrubu alikuwa anaitafuta kwa ukucha.

Alhamisi, 5 Mei

Nuremberg, dukani kwa Bwana Zeitler, fundi wa treni hizi. Kapima mota: ikikwama inavuta zaidi ya ampea tatu. Dikoda yetu ilibeba mbili tu. Akaweka dikoda mbili mpya mezani. Moja nyembamba, ampea nne, inaingia bila kukata kitu. Nyingine ampea tano, na sauti — mvuke, breki, filimbi — ila spika yake inataka sakafu ya injini itobolewe. Eckart hakumngoja amalize. "Sina haja na makelele. Macho ninayo." Zeitler akanitazama. Mimi nikatazama kabati.

Tumetoka mikono mitupu. Nimesema nataka kufikiri kwanza. Eckart kacheka: tangu lini nafikiria dikoda?

Jumamosi, 7 Mei

Leo Eckart kaendesha injini yetu nyingine, ile ndogo ya dizeli. Mara tatu kauliza iko wapi, kwa mzaha, eti huyo mvivu kajificha tena. Mara ya tatu ilikuwa inapita mbele ya viatu vyake. Haina sauti, mota yake laini. Nikajibu, "Kwenye daraja," ili asijue ilikuwa miguuni pake. Sijui kwa nini nimedanganya.

Jumatano, 11 Mei

Kwa daktari wa macho, na Eckart. Katikati pameharibika, macho yote mawili. Pembeni patabaki, kadiri fulani. Nimeendesha gari mimi. Tulipofika mji wa Fürth akasema, "Zeitler usimwambie." Kati ya watu wote, Zeitler.

Alasiri nimempigia Zeitler. Macho sikuyataja. Nimeagiza yenye sauti. Nimeweka simu chini upesi, utadhani nimeiba.

Jumapili, 15 Mei

Imefika jana. Eckart alikuwa amejilaza baada ya chakula, nikashuka karakana. Nimefungua injini — na sakafuni, upande wa ndani, baba yake kachonga jina lake na mwaka, 1972. Sikujua kuwa lipo. Spika haikai pengine, nimepima mara nne. Tundu litapita katikati ya jina. Nimechora duara kwa penseli, nimelifuta, nimelichora tena.

Mlango ukafunguliwa. Nimechelewa kuficha. Akaja taratibu, mkono mbele, akagusa dikoda, akagusa spika, akajua.

"Ulitaka kuniambia lini?"

"Ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo."

Kisha vidole vikafika sakafuni. Akasoma herufi moja moja, bila kuinama. Naye hakujua kuwa lipo. Akavuta kiti.

"Filimbi yake ikoje?"

Nikamwambia sijui, haijaunganishwa.

"Na tundu linakuja wapi?"

Nikaushika mkono wake, nikauzungusha kwenye duara la penseli. Bado hajaamua. Naandika haya ubavuni mwake ili nisimharakishe. Kidole gumba bado kiko juu ya jina, na mkono mwingine unapapasa mezani — sijui anaitafuta drili ili anipe, au aisogeze mbali.