Sitamwachia binti yangu majina ya wanyama tu

Jumanne. Mvua ya rasharasha tangu asubuhi, na mimi nina hasira.

Niungame kwanza. Wiki tatu sasa sijamsemesha Neema Kiswahili. Ana miaka sita. Mwalimu wake alisema anachanganya lugha, nyumbani tutumie Kiswidi tu. Nikaitikia kwa kichwa kama mtoto aliyekosa. Tangu siku hiyo namlea binti yangu kwa lugha ambayo nusu ya maneno yake nayabahatisha.

Mchana, hospitalini Flemingsberg ninakofanya usafi, nilitoka nje kupumzika na Nuala, muuguzi kutoka Ireland. Kichakani tukamwona kalunguyeye, kajikunja, miba juu.

"Gráinneog," Nuala akasema. Kwa Kiairishi ni kama kusema kidude cha kuchukiza. Nikacheka, naye akanogewa. Mbweha wao ni madra rua, mbwa mwekundu. Popo ni sciathán leathair, bawa la ngozi. Mbwa mwitu ni mac tíre, mwana wa nchi. Hao waliuawa wote zamani, likabaki jina.

"Hebu niambie sentensi nzima," nikamwomba.

Akatikisa kichwa.

"Sina. Bibi alinifundisha wanyama tu. Mama aliambiwa Kiairishi kitatuchelewesha shuleni, akaacha kutusemesha."

Akatazama saa, akarudi wodini.

Nilibaki pale mpaka kahawa yangu ikapoa mkononi. Kitatuchelewesha! Kumbe hata wao waliambiwa hivyo hivyo, na mama yake akatii kama nilivyotii mimi.

Basi, mimi siendelei.

Nilipomchukua Neema shuleni, mtaani kwetu Tensta, nikamuuliza, "Mwanangu, leo mmekula nini?"

Akashtuka. "Mamma, prata svenska!" Ananiamuru niongee Kiswidi.

"Sitaki."

Njia nzima nikaongea Kiswahili, kwa sauti, watu wakigeuka. Alinuna. Kila nililosema alilijibu kwa Kiswidi, nami sikurudi nyuma. Nyumbani nikamkalisha nimsuke nywele, bado naongea, bado amenuna.

Nikavuta fundo moja.

"Mama, unaniumiza!"

Kiswahili safi. Nikaweka kitana chini, nikalifungua fundo lile kwa vidole.

Kesho asubuhi nakwenda kwa mwalimu. Nitamwambia, kwa Kiswidi changu kilichopinda, kwamba kumfundisha Kiswidi ni kazi yake, na anaifanya vizuri.

Hii nyingine ni yangu.