Koo nne za kaka Leland

Tanibaa, rafiki yangu, leo sikunyamaza kama kawaida yangu. Nimeongea. Mimi.

Unalijua lile genge la wazungu analocheza nalo kaka Leland michezo ya mtandaoni. Hajawahi kuwaambia yeye ni Mnavajo, wa kabila lililokuwa Marekani kabla yao. Leo kiongozi wao kasema, "Wahindi Wekundu tungewamaliza wote, ardhi ingekuwa safi."

Leland akacheka. Alicheka, Tanibaa, na bibi yuko pale anakanda unga.

Nikamnyang'anya maikrofoni, nikamtambulisha kwao kuwa ni Mnavajo, kama tunavyotambulishana sisi: ukoo wa mama kwanza, wa baba, kisha wa babu wote wawili.

Kiongozi wao akafoka:

"Kumbe ni mmoja wao? Toka hapa, mshenzi." Wakamfukuza.

"Umeniaibisha, mdogo wangu," Leland akaniambia.

Nikamwambia, "Ndicho nilichotaka. Ulikuwa unacheka, nikataka maneno hayo wakuambie na wewe."

Simwombi msamaha.