Soli kwenye Mkia wa Kakakuona

Mjomba wangu fundi,

Shikamoo. Mimi mzima, ila mbu wa huku wananila kama wameajiriwa. Kakakuona wangu, yule sanamu niliyemuunda kwa soli za viatu, kawekwa katikati ya ukumbi wa maonyesho, mjomba, na watoto wanamshika magamba mpaka mlinzi amechoka kufoka.

Jana yule nesi jirani yako, aliyekuja huku kumtembelea binti yake, alipita hapa. Miguuni alikuwa na kandambili. Akainama kwenye mkia, akasema, "Hii si soli yangu hii? Kiraka hiki cha tairi alikiweka mjomba wako."

Nikamwambia, "Soli zinafanana, mama."

Akacheka. "Kweli. Viatu vyangu viko kwake, anasubiri gundi. Yule hawezi kunidanganya."

Mjomba, uliniambia nichukue gunia la soli chakavu, lile la nyuma ya mlango. Mimi na pupa yangu nikabeba na la chini ya meza, la viatu vya wateja. Nilipofika huku nikagundua, nikabandika soli zake bila kukuambia. Kumbe na wewe ulijua, ukawa unanifichia kwa hadithi ya gundi. Uso nauweka wapi?

Ile soli nimeibandua. Pamebaki tundu, na wageni wanalisifu tundu kuliko mnyama mzima.

Jumamosi nakuja na soli zote za gunia lile, hata kakakuona akibaki uchi. Nesi usimtajie gundi tena. Nitamwambia mwenyewe, huku namshonea viatu vyake.

Mpwa wako, yule wa haraka haraka