Kompyuta Ndani ya Deki Yako

Papa wangu mpendwa,

Kwanza nikutoe wasiwasi: deki yako ya kaseti haijauzwa. Ipo palepale chini ya televisheni, chini ya kitambaa cheupe alichokifuma Maman. Ila nimeitoa matumbo. Mle mlimokuwa na mikanda na magurudumu, sasa mna kompyuta nzima, na niliyeiunda ni mimi, bila mwalimu, kwa kufungua vyombo vibovu vya majirani hadi vikaniambia siri zao. Inafanya kazi. Nalisema hilo mapema kwa sababu najua ungeuliza, na ungeuliza ukicheka.

Unakumbuka sinema zako? Zote zilikuwa za Kiingereza, na nyumbani Kiingereza ulikijua wewe peke yako, au ndivyo ulivyotuambia. Ulikaa kwenye kile kiti chenye mkono uliovunjika, ukatutafsiria. "Huyu njo shemeji wake. Anamuambia: leta ngombe yetu." Mzungu kashika bastola, juu ya farasi, jangwani, anadai ng'ombe wa mahari. Sisi tuliona ni haki yake.

Na kwako hakuna aliyekufa. Mtu alipopigwa risasi akaanguka, dada akaanza kulia, wewe bila hata kugeuza kichwa ulisema: "Ameenda Kamanyola." Tulinyamaza papo hapo. Kamanyola tuliijua. Ndiko ulikopeleka lori, ukarudi na mchele. Aliyeenda Kamanyola alirudi, tena hakurudi mikono mitupu. Kuna sinema moja kilienda Kamanyola kijiji kizima, nami nikakuuliza kama mchele utawatosha wote.

Umeme ulipokatika katikati, hukukubali sinema iishe vile. Uliimalizia kwa mdomo, gizani, na farasi wakaongezeka. Maman alicheka kutoka pembeni.

"Muongo huyu! Umejuaje kama ule farasi iko na mimba?"

"Maman Bahati, mimi njo naangaliaka. Weye unasikilizaka tu."

Basi matokeo yake unayajua. Jirani yetu alipofiwa na mumewe, nilimwendea yule mama mbele ya watu wote nikamwambia asilie, mzee atarudi na mchele. Ulinifinya sikio hadi nyumbani. Lakini hukunisahihisha.

Sasa nikueleze ya leo. Tangu siku ile wewe, mtu wa barabara, ulipotutoka ukiwa umelala kitandani, Maman ameiacha saloni, chumba cha televisheni na kiti chako. Anapita tu, haraka, kama mtu anayepita mbele ya kanisa la wengine. Anakula jikoni. Televisheni ikiwaka anasema anaenda kuangalia maharagwe, hata siku tusiyopika maharagwe. Nilichotaka mimi ni kimoja, wala si picha nzuri: nilitaka akae tena.

Nikaenda sokoni Nyawera kutafuta vifaa. Muuzaji akanivutia kompyuta ndefu kama kabati.

"Patron, kamata hii. Iko nguvu!"

"Nataka bodi ndogo ya kuingia mu deki."

"Mu deki? Deki ya nani?"

"Ya papa yangu."

"Na ye anasema nini?"

Sijui nini kilinishika. "Ameenda Kamanyola," nikasema.

"Ah! Basi ungoje arudi, achague ye mwenyewe."

Sikungoja. Nilipata bodi ndogo inayolala chali ndani ya deki kama iliyozaliwa humo. Nilipata diski isiyo na kitu kinachozunguka, kwa hiyo haina kelele. Na kwa kuwa umeme wetu bado una tabia zile ulizoziacha, nimechagua bodi inayokunywa volti kumi na mbili, na televisheni ya volti hizohizo, vyote vikinyonya batri ya lori. Mtaa mzima ukiingia gizani, kwetu sinema haijui kilichotokea. Wewe ungekosa kazi.

Siku ya kwanza iliwaka vizuri, kisha ikazima yenyewe, imechemka kama sufuria. Nikashuku feni. Nikaibadilisha, ikazima tena. Nikashuku hadi wachawi, kwa muda mfupi. Ndipo nikaona: ile feni ilivuta hewa kutoka juu, na kila asubuhi Maman, katika kule kupita kwake kwa haraka, alirudisha kitambaa chake.

"Maman, mashini inakosa pumzi."

"Niache deki ya bwana yangu uchi, wageni waone?"

Kitambaa kikabaki, Papa. Wataalamu wa kwenye video watakwambia usifunike kamwe kompyuta. Wataalamu hao hawana mama Bukavu. Nikaigeuza feni, nikaipandisha deki juu ya miguu minne ya mpira, hewa ikaingia kwa chini na kutokea kwa nyuma. Nadhani nimeunda kompyuta inayovaa nguo, na haijachemka tena.

Jumapili, tulipotoka misa, nikaweka ile sinema ya shemeji na ng'ombe. Niliitafuta sana. Safari hii picha ni safi, na chini yake yanapita maneno ya Kifaransa. Papa, yule si shemeji. Ni hakimu. Ng'ombe hamna hata mmoja.

Mke wangu, msichana wa Katana ambaye hukumkuta, alikaa kwenye mkeka akisoma maandishi. Kiti chako kilikuwa kitupu. Maman alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi, njiani kwenda kwenye maharagwe yake. Risasi ikalia. Kijana wa farasi akaanguka.

"Yoo!" mke wangu akasema. "Amekufa?"

Nikatazama kiti chako.

"Hapana," Maman akasema. "Ameenda Kamanyola."

Mke wangu akanigeukia. Maman, yeye aliyekuita muongo miaka yote ile, akaingia, akakaa kwenye kiti chako, mwiko juu ya magoti. Hakimu akatokea kwenye kioo.

"Angalia," akamwambia mkwewe. "Huyu njo shemeji wake. Anakuya juu ya deni ya ngombe."

"Lakini Maman, hapa chini wameandika..."

Nikachukua telekomande. Nikayafuta maandishi. Kisha nikapunguza sauti, mimi niliyehangaika na nyaya ili sauti ile ijae saloni, nikaipunguza hadi hakimu akabaki akichezesha midomo tu. Maman akaendelea. Ng'ombe walikuwa wengi kuliko wakati wako.

Maharagwe yaliungua. Siku hiyo kweli yalikuwepo.

Kwa hiyo huku tuko vizuri, Papa. Mashini haichemki, na kila Jumapili kiti chako kina mtu. Mke wangu ameshaanza kuuliza kuhusu wewe: ulikuwaje, uko wapi. Namwachia Maman amjibu, na unalijua jibu lake. Ukichelewa tutakuelewa, barabara ile tunaijua. Sisi tumeshabandika maji ya mchele.

Ni mimi, mwanao wa katikati, uliyemfinya sikio bila kumsahihisha.