Kitambaa Juu ya Kompyuta

Baba Agatha,

Maharage yako jikoni, hayajatiwa chumvi. Kompyuta usiipeleke kwa fundi kule Mwanga. Akiifuta Linux, ule mfumo wa kuendeshea kompyuta aliouweka Agatha, kazi yake yote ya chuo itafutika nayo.

Ulipokwenda kuoga niliijaribu. Bila kile kitambaa alichofuma mama yako, kompyuta iliiona mausi kila mara. Nilipofunika na kufunua kama ufanyavyo wewe, ikapotea. Matundu ya kitambaa hunasa kile kidude cha mausi kilichochomekwa nyuma, kikalegea. Ukikikandamiza tu, inarudi. Kwa hiyo anayeipoteza mausi ni wewe, kwa kuogopa vumbi la Same.

Kitambaa ~~nimekigawa~~ nimekitandika juu ya redio. Mama yako anakuja Jumapili kutoka Gonja, na atakitafuta kwa macho kabla hajaitikia shikamoo.

Jana ulimwambia Agatha, "Linux yako ni ya bure, ndiyo maana haioni mausi." Aliondoka mezani bila kugusa chai. Nilitaka kumweleza mimi, nikaacha. Akirudi, mwambie mwenyewe kwamba Linux yake ni nzima, na usianze na "lakini".

Mama Agatha