Pumzi Ishirini Nilizoandika

Mama Vumilia,

Kaburi lako limeshaota majani, na mimi bado ninapita nyuma ya kituo cha afya ili nisikutane na binti yako. Yule mwanafunzi mwenye maneno mengi uliyemwita "docteur wa mudomo" amekuwa mwoga.

Unakumbuka siku yangu ya kwanza wodini, wewe ukiwa muuguzi wa zamu? Nilimwambia mzee mmoja wa Nyamitaba, "Papa, tulia nikuhesabie pumzi," naye akaanza kupumua kama askari kwenye gwaride. Ulicheka mpaka ukashika ukuta. Kisha ukanifundisha: shika mkono kana kwamba bado unapima mapigo, macho yawe kifuani, hesabu dakika nzima. "Muntu akijua unamuhesabia, anapumua ya uongo. Na wewe usiandike ya uongo."

Nikaandika ya uongo, Mama. Kwako wewe.

Ulipolazwa na kile kikohozi, zamu ilikuwa yangu. Nilipima joto, nikapima mapigo. Kilichobaki kilikuwa kushusha kitenge ulichojifunika hadi shingoni, nitazame kifua. Mkono ulikataa. Kwetu mtoto hatazami kifua cha mama yake, na wewe ndiye uliyenilisha nilipofika hapa kutoka Kashuga sina mtu. Niliona haya. Nikaandika ishirini, pumzi za mtu asiye na shida, kama wale wavivu uliokuwa ukiwagombeza kila asubuhi. Daktari akasoma karatasi, akaona umetulia, akaenda kwa wengine. Alipokuja jioni kushusha kitenge mwenyewe, mbavu zako zilikuwa zinaingia ndani kila ukivuta hewa. Oksijeni ililetwa, ikakukuta umechoka. Labda ungekufa hata hivyo. Sijui, Mama, na huko kutojua ndiko kunakonitafuna.

Jana aliletwa bibi mmoja, amejifunika vilevile. Nikakumbuka neno lako: "Haya iache ku mulango, utaichukua ukitoka." Nikamwomba radhi, nikashusha kitenge, nikahesabu dakika nzima. Thelathini na nne. Nilimwita daktari mbio. Leo bibi ameomba mboga ya sombe, na ananung'unika kwamba haina chumvi. Nilitoka nje nikalia, kwa furaha na kwa hasira, maana mkono huu huu nilikuwa nao siku ile.

Sasa njia ya nyuma haitanisaidia. Binti yako Riziki ameanza staji, mafunzo ya kazi, hapa, na nimepewa mimi kumfundisha. Kesho somo ni pumzi. Nimeitoa karatasi yako kwenye faili. Nitamwonyesha ile ishirini, nimwambie ni nani aliyeiandika na kwa nini, hata kama hatanisalimia tena. Akitaka kulia, alie. Akitaka kunipiga, anipige. Halafu nitamfundisha kuhesabu.

Pumzika, Mama. Hiyo ndiyo ahadi yangu, na safari hii sikuandikii uongo.

Mwanao wa wodini,
Bahati